Mtoro Mwenye Chaki Mikononi

Vijana wangu mnaoanza ualimu, nasikia baadhi yenu mmepangiwa Kasulu na Kibondo, na wapo waliowapigia mama zao simu wakilalamika kwamba ni mbali. Ni mbali kweli. Mimi nilitoka Singida nikiwa na begi moja na nia ya kuomba uhamisho mapema iwezekanavyo. Nimestaafu hukuhuku, nimejenga hukuhuku, na siku hizi hata ndotoni watu wananisemesha Kiha. Kwa hiyo nunueni blanketi zito, jifunzeni kuitikia "Mwakeye" asubuhi, na muizoee ladha ya ugali wa muhogo. Mengine yatakuja yenyewe.

Ninalotaka kuwaandikia ni juu ya watoro. Nilifundisha darasani muda wa kutosha, kisha nikawa mratibu elimu kata, cheo ambacho baadaye walikibadilisha jina kuwa afisa elimu kata. Wananchi hawakujali hayo mabadiliko. Waliendelea kuniita Mratibu, na hata leo nikienda sokoni kununua dagaa naitwa Mratibu, na watoto wengine bado wanajificha nyuma ya mama zao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sheria inasema mtoto aliyefikia umri lazima awe shuleni, na mzazi asiyempeleka anashitakiwa. Mwalimu anaita majina, asiyeitika mara nyingi jina lake linaletwa kwangu, mimi namwambia mtendaji wa kata, mtendaji anamwita mgambo, tunakwenda nyumba kwa nyumba. Huo tuliuita msako. Sheria hiyo ni nzuri na sijawahi kuipinga, kwa sababu nimeona watoto wengi walioepushwa nayo na jembe na ndoa. Lakini sheria inamfikisha mtoto mlangoni mwa darasa tu. Kuanzia mlangoni kwenda ndani ni juu yetu, na huko ndiko nilikojifunza kazi.

Ninyi mmesoma chuoni mambo ya unasihi, mnayajua maneno kama sonona na msongo wa mawazo. Sisi tulikuwa na maneno mawili, mvivu na mkorofi. Mtoto asiyeenea katika la kwanza tulimsukumia katika la pili.

Aliyenitoa ujinga huo alikuwa Mwalimu Salome, mratibu wa kata jirani nilipokuwa Kibondo. Mama mnene, mcheshi, alikuwa anatembea na mwavuli hata kiangazi. Siku moja tulikwenda pamoja nyumbani kwa mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa anaumwa kichwa kila asubuhi na kupona kila saa ya chakula. Tulimkuta amejifunika khanga ya mama yake mpaka kichwani, anagumia.

Mwalimu Salome akakaa kwenye kigoda, akauliza hali, akapokea kikombe cha uji. Kisha akatoa mpira wa makaratasi mkobani, akaudondosha chini taratibu, ukaviringika mpaka uani. Khanga ikafunguka, yule mgonjwa akatoka mbio kama ametumwa.

Nikacheka. Nikasema, "Huyu mzima kabisa. Tumchukue."

Mwalimu Salome akaniangalia juu ya kikombe. "Mratibu, wewe kwenu mtu akilia msibani kwa kuigiza, huulizi anaigiza kwa nini?"

"Anaigiza kwa sababu hataki shule."

"Hilo nimeliona, sihitaji pikipiki ya serikali kuliona. Hataki nini cha shule? Shule ina vitu vingi. Ina hesabu, ina mwalimu, ina choo, ina njia ya kwendea. Kata vipande vipande, utakiona kipande kinachomuuma."

Kwa yule mtoto kipande kilikuwa dawati. Alikuwa hajajua kusoma, kwa hiyo mwalimu alimrudisha akae na darasa la kwanza, na yeye alikuwa mrefu kuliko wote, magoti yanagonga chini ya meza, watoto wadogo wanamwita baba. Akahamishiwa benchi la pembeni na kupewa masomo ya ziada mchana, na kichwa kikapona bila dawa.

Nililibeba somo hilo mpaka Kasulu. Nilidhani nimelielewa. Ndipo akaja Editha.

Majina ya shule sitayataja, maana walimu wake wengine bado wako kazini na wanajua ninapoishi. Tuseme ilikuwa shule moja upande wa Heru Juu, juu ya mlima, yenye watoto wengi kupita madawati. Editha alikuwa darasa la nne na alikuwa wa kwanza. Siyo wa kwanza wa mara mojamoja. Kila walipofunga shule na majina kusomwa mbele ya wazazi, jina lake lilitangulia, na shule nzima ilimpigia makofi ya kilo. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Bakari, mtu wa Tanga mwenye maneno matamu, alikuwa na kawaida ya kumwonyesha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha jengo jipya. "Huyu hapa ndiye Editha wetu," alisema, na mtoto aliangalia chini.

Mwaka huo, miezi michache kabla ya upimaji wa taifa wa darasa la nne, Editha akaanza kuumwa tumbo. Likaanza kwa kuuma Jumapili jioni, likaendelea mpaka Ijumaa, Jumamosi likapumzika. Akaacha kula asubuhi. Usiku mama yake alimsikia akigeukageuka kitandani.

Basi kila mtu akaleta ugonjwa wake. Bibi yake akasema ni kijicho cha majirani na akamfunga uzi kiunoni. Mchungaji akasema ni vita vya kiroho na akamwekea mikono, na siku hiyo tumbo lilitulia kweli, ila ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wa afya shuleni akasema ni minyoo na akampa dawa ya kutafuna. Mimi nikasema ni uvivu, lakini niseme nini, ndilo neno nililokuwa nalo karibu.

Mwisho mama yake akampeleka kituo cha afya. Tabibu alikuwa kijana wa Mbeya, mkimya, mwenye kupenda kuuliza. Akapima malaria, hakuna. Akapima vingine, hakuna. Akauliza tumbo linauma lini. Mama akamweleza juu ya Jumapili na Jumamosi.

"Mama Editha," akasema, "mimi malaria naifahamu sana. Haijui kusoma kalenda."

"Sasa ana nini, daktari?"

"Ana shule."

Mama Editha alirudi nyumbani akiwa amekasirika kwamba amesafiri kwa bodaboda kwenda kuambiwa hivyo, na bila kidonge hata kimoja. Tabibu alimwambia pia azungumze na walimu ajue mtoto anaogopa nini. Hakuzungumza. Nani anakwenda kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini mtoto wa kwanza anaogopa shule? Ni kama kumuuliza mshindi kwa nini kikombe kinamuuma.

Kisha tumbo likapona ghafla. Editha akaanza kuamka mapema, anavaa sare, anachana nywele, anaondoka kabla ya wenzake. Nyumbani wakamshukuru Mungu, bibi akadai ni ule uzi. Na wakati huohuo, shuleni, Mwalimu Bakari akaniletea jina lake. Mtoto wa kwanza haonekani darasani, hana taarifa, na upimaji unakaribia.

Nikaenda na mtendaji na mgambo. Baba Editha tulimkuta anaanika maharage.

"Mwakeye, Mratibu."

"Mwakeye. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani? Editha? Si yuko kwenu."

"Kwetu hayupo."

Akaacha maharage, akasimama. "Yewe, mwalimu. Mimi mtoto namtoa hapa alfajiri kavaa, kaoga, kabeba na begi. Jioni anarudi. Kama ninyi mmempoteza huko katikati, mnakuja na mgambo kwangu? Hebu mwambie huyo mgambo wako akae kwanza, anatisha kuku."

Mtendaji, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, akamwambia kwamba mtoto asipoonekana shuleni mpaka Jumatatu inayofuata, yeye baba atakwenda mahakama ya mwanzo. Baba Editha akatucheka, kisha akaona hatucheki. Niliona mkono wake unavyotafuta nguzo ya kibaraza. Mtu huyu hakuwahi hata kumtuma mtoto wake shamba siku ya shule, na sasa anaambiwa habari za mahakama. Na mtoto mwenyewe, asipofanya upimaji pale alipoandikishwa, angerudia darasa, wa kwanza mzima.

Wakati mtendaji anaendelea kumhubiria, nikamvuta mama pembeni. Hili nalo ni la Mwalimu Salome. Alikuwa anasema baba anajua mtoto yuko wapi kwa maneno, mama anajua kwa nguo.

"Mama Editha, nguo zake zinarudi vipi?"

"Viatu vina vumbi, lakini siyo vumbi letu hili jekundu. Jeupejeupe. Sketi ina chaki. Mikono ina chaki." Akafikiri. "Ila sweta halichafuki. Nalifua Jumamosi, Ijumaa nalikuta lilivyo, limekunjwa vizuri ndani ya begi. Na baridi hii, Mratibu."

Nikaondoka na hayo mawili kichwani, chaki na sweta. Nimesaka watoro wa kila aina. Nimewatoa kwenye mabanda ya video, mashambani, sokoni, juu ya miti, na mmoja ndani ya pipa la kuvundikia pombe ya ndizi. Sijawahi kukutana na mtoro anayerudi nyumbani na chaki mikononi. Na mtoto anayevua sweta asubuhi ya baridi ya Heru Juu hana homa wala wazimu. Hataki sweta lake lionekane. Sweta la shule yake lilikuwa la kijani. Sare nyingine, shati jeupe na sketi ya bluu, ni za nchi nzima. Mahali pekee ambapo sweta la kijani linaweza kukuponza ni mahali ambapo wote wamevaa rangi nyingine.

Chini ya mlima ule, ukivuka kijito kwenye udongo mweupe, kuna shule ya kata nyingine. Sweta zao ni za rangi ya damu ya mzee.

Nilivuka mpaka wa kata yangu kama mwizi. Mwalimu mkuu wa huko, Mwalimu Skola, mwenyeji wa Buhigwe, alinipokea kwa mashaka, maana wakubwa wakija bila taarifa huwa wanakuja na ukaguzi wa vyoo. Nikamuuliza kama ana mtoto mgeni darasa la nne, wa kike, asiye na sweta.

"Yunisi? Huyo amehamia kwa shangazi yake. Barua ya uhamisho anasema italetwa kesho."

"Kesho ipi?"

"Kila siku kesho. Lakini hana tatizo, Mratibu. Mtoto mzuri. Siyo mwepesi, siyo mzito, wa katikati. Anapenda kufuta ubao."

Akanipeleka dirishani. Mwalimu alikuwa anauliza hesabu za haraka. Editha, yaani Yunisi, alikaa katikati ya benchi lenye watoto wengi kupita nafasi, mabega yamebanana. Akajibu swali moja, akapata. Baadaye kidogo akajibu jingine, akapata. La tatu, mwalimu akamwelekezea kidole: tisa mara saba. Nilimwona akiangalia dari kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Hamsini na nne," akasema.

Darasa likacheka, naye akacheka, aliyekaa naye akampiga begani. Wakati wa mapumziko akacheza rede mpaka akapoteza kiatu. Kisha akakaa chini na wenzake wakagawana muhogo wa kuchoma, na akala kipande chake chote na kuomba cha mwingine. Mtoto aliyeacha kula.

Nikamngoja karibu na jiwe la kunolea majembe.

"Shikamoo, Mratibu," akasema, kisha macho yakamtoka kwa kuwa amejisahau na kuonyesha kwamba ananijua.

"Marahaba, Yunisi."

Akatazama viatu. "Nani kakuambia?"

"Sweta."

Nikamuuliza, "Tisa mara saba ni ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Mbona ulisema hamsini na nne?"

"Nilikuwa nimeshapata mbili leo. Zinatosha."

Vijana wangu, nimefanya kazi hii mpaka nywele zimekwisha, na hilo ndilo jibu lililonikalisha chini. Nilikaa juu ya jiwe kweli.

"Na kule kwenu huwezi kupata mbili tu?"

"Kule nikikosa mwalimu anasema nimefanya makusudi. Nikipata nawafinya."

"Unawafinya nani?"

"Wote. Pua."

Akanieleza polepole, na mimi nikamwacha aseme kwa mpangilio wake. Mwalimu wake, Mwalimu Hosea, kila asubuhi alikuwa na hesabu za haraka. Waliokosa wanasimama. Aliyepata anapita mstarini anawafinya pua, mmoja mmoja. Na aliyepata kila siku ni yeye. Akifinya kwa upole, mwalimu anasema, "Rudia, usiwabembeleze, tuko vitani na upimaji." Kwa hiyo alirudia. Alimfinya Rehema, rafiki yake wa jirani aliyekuwa anakwenda naye bombani, mpaka Rehema akatoka machozi. Baada ya hapo Rehema akaenda bombani peke yake. Wengine wakaanza kuziba pua kwa kiganja kila Editha anapopita. Nami nikakumbuka kwamba niliwahi kuwaona watoto pale bombani wakifanya hivyo, nikadhani kuna panya amekufa karibu.

"Usiku naota pua," akasema. "Nyingi."

Sikucheka wakati huo, msije mkadhani. Nilicheka baadaye, njiani, peke yangu, na kicheko kikakatika katikati.

Kesho yake nikawakutanisha wote ofisini kwa mtendaji. Nilidhani ni kikao kifupi. Nilikuwa nimesahau kwamba kikao chenye walimu wakuu wawili hakiwi kifupi.

Nilipoeleza kwamba mtoro alikuwa shuleni muda wote, mtendaji alikunja uso. "Kwa hiyo mzee simpeleki mahakamani?"

"Sheria inataka mtoto awe shuleni," nikasema. "Alikuwa shuleni. Hata hajachelewa siku moja."

Baba Editha akapumua kwa sauti. Mgambo akaonekana kama mtu aliyenyimwa safari.

Lakini Mwalimu Skola alikuwa ameshika jambo jingine. "Subirini. Huyu Yunisi wangu ndiye yule wa kwanza wa mlimani?"

"Ndiye," nikasema.

"Basi uhamisho wake nauandika leo. Mimi sina ubaya na mtoto anayependa shule yangu."

Mwalimu Bakari akacheka kwa adabu ya pwani. "Dada yangu mpenzi, mtoto ameandikishwa kwangu kufanya upimaji. Ukimchukua utakuwa umenivunjia nyumba."

"Ulipokuwa naye ulimfanya nini hata akakimbia kwa miguu?"

"Alipokuwa kwako hukujua hata ni nani. Wa katikati, ulisema. Wa katikati!"

Wakaanza kumgombea waziwazi. Mwalimu Bakari akaahidi kiti cha mbele kabisa. Mwalimu Skola akaahidi ukiranja mkuu. Mwalimu Bakari akaongeza kwamba picha yake itabandikwa ofisini. Kila walipopandisha ahadi, Editha alizidi kuinama, mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Ilikuwa Jumatano.

Baba yake ndiye aliyeona. Akasema, "Ninyi wakubwa, nyamazeni kidogo." Walinyamaza, nadhani kwa mshangao. Akamgeukia mtoto. "Editha. Wewe unataka wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa na mpango mzuri kichwani na sikumuuliza.

"Nataka kwetu," akasema. "Kwa kina Rehema. Ila sifinyi tena."

"Hufinyi nini?" akauliza mama yake, ambaye habari za pua alikuwa hajazisikia. Nikaeleza. Baba Editha akaanza kucheka, mabega yakatikisika, kisha akamtazama mtoto wake na kicheko kikaisha. "Darasa zima?" akauliza. "Kila siku?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

Jioni hiyo nikaenda kwa Mwalimu Hosea. Msimfikirie vibaya. Alikuwa kijana wa Mara, umri wenu, chumba kimoja cha kupanga, godoro, jiko la mkaa na rundo la madaftari ya kusahihisha lililofika dirishani. Nilimkuta anasahihisha amesimama, kwa sababu akikaa, alisema, analala, na akilala anashtuka.

"Fimbo hairuhusiwi bila mwalimu mkuu, Mzee," akaniambia. "Mimi nafuata waraka. Waraka umetaja fimbo, haujataja pua. Na hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi, na tulifaulu."

"Wewe ulikuwa unafinya au unafinywa?"

Akaweka kalamu chini. "Nilikuwa nafinywa," akasema. Akaongeza, "Kila siku. Mkubwa mmoja amekuja hapa mwezi uliopita, akasema shule zikishika mkia tutajieleza kwa maandishi. Mimi silali, Mzee. Nasikia tumbo nami."

"Linauma siku gani?"

Akafikiri. "Linaanza Jumapili jioni."

Nikamwambia habari za yule tabibu wa Mbeya, na namna anavyosikiliza, na kwamba kwenda kwake si aibu. Alikwenda. Nasikia walizungumza muda mrefu, na hakupewa kidonge yeye pia. Ila alirudi tena, na tena, na Mwalimu Bakari, nimpe haki yake, akampunguzia vipindi bila kusubiri barua ya mtu. Ninyi mnaoanza, mkiona Jumapili jioni inawauma, msingoje mpaka muanze kuwatafutia watoto pua. Tafuteni mtu wa kumwambia.

Upimaji Editha alifanya pale pale mlimani na darasa akavuka, hilo lisiwasumbue. Hakuwa wa kwanza, akawa karibu na hapo, na baba yake akachinja kuku vilevile. Ninalotaka mlione ni ile asubuhi ya Jumatatu aliyorudi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa. Editha aliingia na sweta lake la kijani, akasimama karibu na mlango. Viganja kadhaa vikapanda kwenye pua, kwa mazoea. Mwalimu Hosea akasimama mbele ya ubao, akakohoa.

"Darasa la nne. Kuanzia leo hakuna kufinyana pua. Anayekosa atakaa chini, tutafanya tena pamoja."

Habari ilikuwa nzuri mno, walikuwa wanatafuta ulipofichwa mtego. Kisha Rehema, mtoto mwembamba mwenye sauti kubwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na zile alizotufinya?"

Mwalimu Hosea akanitazama. Mimi nikatazama dirisha, maana hilo halikuwa katika mpango wangu wala katika mafunzo yoyote niliyopewa na serikali. Niliwaza kwamba sasa hivi mtoto atageuka na kukimbia mpaka kijitoni, na safari hii hatutampata kwa sweta.

Editha akatoka mlangoni, akaja mpaka mbele ya darasa. Akaweka begi chini. Akafumba macho, akanyanyua uso.

"Nifinyeni," akasema.

Rehema alikuwa wa kwanza kufika. Alimfinya sawasawa, bila kumbembeleza, na machozi yakamtoka Editha, lakini hakusogea. Wa pili akafinya kwa nusu ya nguvu hiyo. Wa tatu alikuwa mvulana mwenye vidole vyenye siagi ya karanga, vikateleza, wakacheka. Baada ya hapo ikawa foleni ya watu wanaosukumana, wengine wamerudi mara ya pili, mmoja akafinywa yeye kwa makosa, na Editha katikati yao pua imekuwa nyekundu, anacheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Wewe umeshafinya, wewe, nimekuona."

Mwalimu Hosea alingoja foleni iishe. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akavua miwani, akaiweka mezani, akainama mbele ya Editha mpaka uso wake ukafika usawa wa uso wa mtoto.

"Na mimi," akasema.

Editha aliiangalia ile pua kwa muda. Nilidhani atafanya. Wengine wote walidhani hivyo, walikuwa wamesimama juu ya mabenchi.

"Mimi nimeacha, mwalimu," akasema.

Akaokota begi lake. Mwalimu akabaki ameinama, hajui kama ainuke. Rehema akajisogeza kwenye benchi, akawasukuma wenzake kwa kiuno mpaka ikapatikana nafasi ndogo, kisha akamvuta Editha sketi kutoka nyuma.

"Kaa basi," akamwambia. "Unatuzibia ubao."